Amplifaya ya valvu: usiitupe, lakini usiifungue kichwa kichwa

Wadau, leo tuongee kuhusu vyombo. Siyo vya jikoni, vya muziki. Hasa lile sanduku zito lenye spika mbele na kamba ya mkononi juu, ambalo ukichungulia nyuma yake unaona chupa ndogo za kioo zimesimama kwa mstari kama mishumaa. Hiyo ndo amplifaya ya valvu. Yapo mengi tu yamelala stoo, makanisani, kwenye kumbi za zamani na kwa wazee waliowahi kupiga bendi. Kila mara yanakutwa na moja ya majanga mawili: ama yanauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, ama kijana mwenye hamu anaichomeka ukutani "aone kama bado inaimba", moshi unatoka, basi. Janga la tatu ni baya zaidi, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika hapa: amplifaya hizi zinaua.

Kwanza tujue tunazungumzia nini, na kwa nini Tabora. Mji huu ulikuwa na bendi, tena siyo za kubahatisha. Kulikuwa na Kiko Kids ya mzee Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ambako Shem Karenga alitoa "Dada Asha" ambayo mpaka leo ikipigwa harusini watu wazima wanainuka. Hata Western Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Iddi Nhende, mtu wa Nzega, jina lake linatoka huku kwetu Jimbo la Magharibi. Bendi za miaka hiyo zilipoingia kwenye magitaa ya umeme, amplifaya ilikuwa ni ya valvu, kwa sababu za transista hazikuenea mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea.

Sasa jambo ambalo vijana wengi hawalijui: wanamuziki wengi wa zamani hawakuwa na vyombo vyao wenyewe. Kulikuwa na "mwenye vyombo", mtu binafsi au taasisi, na wanamuziki waliajiriwa kama dereva anavyoajiriwa na mwenye basi. Vyombo vikifa, bendi inakufa. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zikawa adimu, kuagiza kifaa kutoka nje ikawa shughuli nzito. Valvu moja tu ya kuungua iliweza kunyamazisha gita. Ndiyo maana Shikamoo Jazz, ile bendi ya wazee iliyoundwa Dar miaka ya 1990 na ambayo mzee Zahoro naye alikuwemo, ilihitaji shirika la kusaidia wazee liwatafutie vyombo. Nyimbo walikuwa nazo kichwani siku zote.

Halafu kuna hii ya uzito. Mpagazi wa Kinyamwezi kwenye njia ya msafara, toka Bagamoyo kuja Tabora mpaka Ujiji, alibeba mzigo wa karibu kilo 30. Vox AC30 ya spika mbili, amplifaya ya Kiingereza, ina kilo kama 32. Yaani mzigo wa mtu mmoja kamili, na bado unazidi kidogo! Na kati ya bidhaa zilizokuja na misafara ile, pamoja na shanga na vitambaa vya merikani, kulikuwa na waya wa shaba. Sehemu ya uzito wa amplifaya ni huohuo waya wa shaba, umezungushwa kwenye chuma cha transfoma.

INAFANYAJE KAZI

Nitaeleza kwa ufupi, maana bila hili huwezi kutafuta ugonjwa. Ndani ya valvu hewa imetolewa. Katikati kuna waya unaowaka moto, kama wa balbu lakini mwekundu hafifu. Moto huo unapasha kibomba kinachoitwa kathodi, nacho kinaanza kurusha elektroni. Nje yake kuna bati kubwa la kijivu, anodi, lenye umeme mkali wa volti 250 mpaka 500, linalozivuta elektroni hizo. Kati ya hao wawili kuna wavu mwembamba, gridi. Umeme mdogo sana wa gita ukifika kwenye gridi unafanya kazi kama mlinzi wa geti, anafungua na kufunga, na mkondo mkubwa unaopita unafuata mchezo uleule wa vidole vyako. Basi, huo ndo ukuzaji wa sauti.

Valvu ndogo za mwanzo, mara nyingi ECC83, ndizo zinazopokea gita. Kubwa za mwisho, EL84 au EL34 kwa amplifaya za Ulaya, 6V6 au 6L6 kwa za Marekani, ndizo zinazosukuma spika kupitia transfoma ya spika. Kuna amplifaya ambazo zina valvu nyingine moja, GZ34 kwa mfano, ambayo kazi yake ni kugeuza umeme wa ukutani uwe wa upande mmoja. Majina yana mapacha, kwa hiyo usihangaike ukiambiwa jingine dukani: ECC83 ndiyo 12AX7, EL84 ndiyo 6BQ5, GZ34 ndiyo 5AR4. Lakini EL34 na 6L6 siyo mapacha hata kama soketi inaingia. Usibadilishane.

KABLA HUJAWASHA

Geuza nyuma, soma. Amplifaya nyingi za zamani zina kitufe au kiplagi kidogo cha kuchagua volti: 110, 200, 220, 240. Sisi umeme wetu ni volti 230, mizunguko 50. Kama ipo 240, iache hapo. Kama ipo 110 halafu ukaichomeka ukutani, utaona taa zinang'aa vizuri kuliko kawaida kwa sekunde chache, halafu hutaona kitu tena.

Amplifaya iliyotoka Marekani ni ya volti 120 mizunguko 60. Hiyo inahitaji transfoma ya kushusha umeme. Siyo kile kidude chepesi cha pasi ya nguo au cha kukaushia nywele! Transfoma yenyewe ya chuma, nzito, yenye uwezo walau mara moja na nusu ya wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya. Na kwa kuwa mizunguko yetu ni 50, transfoma ya ndani itapata joto zaidi kuliko ilivyokuwa kwao. Kwa hiyo ukiipa volti 110 badala ya 120 kamili ni heri. Vyombo vya mtumba kutoka Japani ndiyo mtego mkubwa, maana kule ni volti 100. Ukitumia transfoma ya kawaida ya 110, siku umeme ukipanda 240 wewe unaipa amplifaya yako 115, yaani imezidishiwa asilimia 15. Haitakufa leo, ila itakufa kabla ya wakati wake.

Ya pili, ethi. Hapa naomba tusilete utani. Amplifaya nyingi za zamani zilikuja na waya wa nyuzi mbili tu, bila ethi. Zikipata hitilafu ndani, bodi nzima ya chuma inakuwa na umeme, na bodi imeungana na waya za gita lako. Wewe umeshika waya za gita kwa mkono wa kushoto, unasogeza mdomo kwenye maiki ambayo yenyewe ina ethi nzuri... umeme unapita kifuani. Mwezi Mei 1972 huko Swansea, Uingereza, mpiga gita Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifia jukwaani mbele ya watu akiwa ameshika maiki ambayo haikuwa na ethi. Alikuwa mwanamuziki mzoefu, ukumbi ni wa mjini, na bado.

Kwa hiyo: weka waya mpya wa nyuzi tatu. Ule wa kijani na njano unafungwa kwenye chuma cha bodi kwa skrubu yake peke yake, siyo skrubu ya kuazima. Plagi ya pini tatu, na pini kubwa ya juu iwe imeungwa kweli. Nasema hivyo kwa sababu nyumba kibao zina soketi nzuri za pini tatu lakini nyuma ya ukuta hakuna waya wa ethi kabisa. Fundi umeme na mita yake atakuambia kwa dakika tano. Kwenye hizo za nyuzi mbili utakuta pia kapasita moja imetoka kwenye waya wa umeme kwenda kwenye bodi. Ikatwe itolewe. Ikivuja, ndiyo inayokupeleka akhera.

Na kama umefungua ukakuta amplifaya ndogo ambayo haina transfoma ya umeme kabisa (zilitengenezwa hizo, za bei rahisi), umeme wa ukutani unaingia moja kwa moja kwenye bodi. Hiyo iweke kabatini kama pambo.

Ya tatu, spika. Amplifaya ya transista ukiiwasha bila spika inakaa kimya tu. Ya valvu ukiiwasha bila spika ukapiga gita, nguvu inakosa pa kwenda, inarudi kwenye transfoma ya spika kama volti kali na kutoboa nyuzi zake. Na hiyo transfoma ndiyo kifaa cha ghali kuliko vyote. Spika kwanza, umeme baadaye, kila siku.

Omu za spika zilingane na tundu. Pameandikwa 16, weka 16. Pameandikwa 8, weka 8. Huku kwetu watu wanapenda kufunga spika za gari za mtumba, na nyingi ni omu 4. Ukifunga moja kwenye tundu la 16 umeipa valvu mzigo ambao haikuumbiwa. Mbili kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, zinakuwa 8. Nne kwa mfululizo zinakuwa 16. Usishangae mita ikisoma 6 au 7 kwenye spika ya omu 8, au 12 kwenye ya omu 16, ndivyo inavyosoma. Na zile "wati 300" zilizoandikwa kwenye spika ya gari, gawanya kwa hasira. Waya wa kwenda kwenye spika uwe mnene wa kawaida wa umeme, siyo waya wa gita. Wa gita ni mwembamba ndani.

KUAMSHA ILIYOLALA MIAKA

Kama haijawashwa tangu enzi ya kanda za kaseti, usiichomeke moja kwa moja. Kapasita kubwa za ndani, zile za umbo la kopo, zina dawa ambayo inakauka ikiachwa miaka 20 au 30. Ukizipa volti 400 ghafla zinapasuka au zinapitisha umeme wote na kuchoma transfoma.

Mafundi wana mbinu ya taa, na ni ya bei ya chai na maandazi. Unachukua balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100 (siyo ya kuokoa umeme wala LED, hizo hazifanyi kazi hii), unaiweka kwenye njia ya waya wa moto kabla ya soketi, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye amplifaya. Yote ifungwe vizuri kwenye kibao, pasiwe na waya uchi. Ukiwasha, balbu itang'aa kidogo halafu ififie. Hiyo ni habari njema. Ikibaki inang'aa kwa nguvu zote maana yake ndani kuna shoti, na balbu imekuokolea transfoma. Zima, tafuta shida.

Hata kama imepita mtihani wa balbu, ushauri wangu ni kwamba kapasita hizo zibadilishwe zote kwa mpigo. Volti za mpya ziwe sawa au zaidi ya za zamani, kamwe zisiwe chini, na upande wa kutoa na kujumlisha usikosewe. Kapasita iliyogeuzwa inapasuka kama baruti.

Mkono usiingie ndani kabla hujafanya yafuatayo. Zima, chomoa plagi ukutani, ishike mkononi uione. Kapasita zinahifadhi umeme hata baada ya kuchomoa, dakika nyingi, nyingine siku. Ukiwa na mita, pima umeme wa moja kwa moja kwenye kapasita kubwa. Ukikuta zaidi ya volti 10, umwage kwa rezista ya omu 10,000 ya wati 10, yenye waya zilizofunikwa vizuri, upande mmoja kwenye bodi na mwingine kwenye kapasita. Hesabu mpaka kumi, pima tena. Mambo ya kugusisha bisibisi mpaka cheche iruke waachie wanaotaka sifa, maana cheche hiyo inaharibu kapasita na inaweza kukurukia machoni. Viatu miguuni, sakafu kavu, mkono mmoja mfukoni. Hiyo ya mkono mfukoni siyo madaha, ni kwamba umeme usipate njia ya kutoka mkono huu kwenda mwingine kupitia moyo.

UMEME WETU WENYEWE

Kitu ambacho vitabu vya Ulaya havikuambii ni kwamba huku adui wa kwanza wa valvu ni umeme kupungua na kurudi kwa kishindo. Waya wa moto ndani ya valvu unataka volti 6.3, juu au chini asilimia 10 anavumilia. Jioni watu wote wamewasha, mwisho wa laini unapata 180 badala ya 230. Piga hesabu: valvu inapata kama 4.9. Sauti inakuwa imechoka, na kathodi inayofanyishwa kazi ikiwa haijapata moto inaharibika polepole. Mpigaji anadhani amplifaya ni mbovu anaongeza volyumu.

Stabilaiza nzuri inasaidia sana, mradi wati zake zinatosha. AC30, kwa mfano, inatoa wati 30 kwenye spika lakini inakula zaidi ya wati 100 ukutani. Usidanganywe na ile 30. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, zima swichi ya amplifaya na uchomoe. Ukirudi, subiri kidogo utulie ndipo uwashe. Kigoma waliishi na majenereta ya dizeli mpaka walipoungwa gridi ya Taifa mwaka 2022, na mtu yeyote wa huko atakusimulia habari za vyombo kuungua. Kijenereta kidogo cha sherehe ndicho kibaya zaidi: friji au mashine ya kuchomelea ikizimwa upande wa pili, volti zinaruka juu ghafla. Amplifaya iwe na laini yake.

Mvua zikianza Novemba na radi zake, chomoa. Siyo kuzima, chomoa.

Vumbi la kiangazi nalo. Toka Juni mpaka Oktoba Tabora ni vumbi na joto. Joto la amplifaya lazima litoke nyuma, usiibananishe ukutani wala kuifunika kitambaa cha kufuma kama televisheni ya sebuleni. Mende wanaupenda ule uvuguvugu, panya wanapenda nyuzi, na mchwa wanapenda lile sanduku la mbao. Iinue juu ya tofali au meza. Safisha kwa brashi kavu ya rangi.

Ukitaka kuihamisha baada ya shoo, izime na uiache ipoe robo saa kabla ya kuipakia. Waya za ndani zikiwa za moto ni laini, na barabara zetu za mtetemo zinazivunja. Ikiwa safari ni ndefu, chomoa valvu, zifunge moja moja kwenye gazeti, andika kila moja imetoka tundu gani.

INAPOUMWA

Haiwaki kabisa. Anzia ukutani: soketi, plagi, fyuzi ya ndani ya plagi, ndiyo sasa fyuzi ya amplifaya. Fyuzi ikiwa imekatika weka mpya ya ampea zilezile. Siyo waya, siyo karatasi ya sigara ile ya kung'aa! Fyuzi imekufa ili transfoma isife. Mpya nayo ikikatika palepale, zima, acha zipoe, chomoa valvu kubwa za mwisho, weka fyuzi nyingine, washa bila kupiga gita. Ikidumu, mmoja wa hizo valvu ana shoti. Ikikatika tena, shida iko kwenye valvu ya kugeuza umeme, kapasita au transfoma.

Inawaka lakini kimya. Angalia nyuma gizani. Kila valvu iwe na kimoto chekundu ndani. Isiyo nayo imekufa au soketi yake ina kutu. Tazama pia juu ya kioo, pana doa la fedha linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Doa hilo likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, valvu hiyo ni ya kutupa, hakuna fundi wa kuifufua. Mwanga wa buluu kwenye kioo cha valvu kubwa usikutie hofu, mara nyingi ni kawaida. Ila bati la kijivu lenyewe likianza kuwa jekundu kama mkaa, zima HAPO HAPO. Valvu inapitisha mkondo kupita kiasi, na kila dakika unayosubiri unaitia moto transfoma ya spika. Sababu huwa ni valvu yenyewe mbovu au kapasita ndogo iliyo kabla yake imevuja na kuharibu bayasi.

Inangurumia. Hapa mpiga gita ana faida kuliko fundi redio, kwa sababu ana sikio. Mngurumo wa umeme wetu una sauti mbili. Mmoja ni wa mizunguko 100, na huo unakaribia sana noti ya waya wa sita wa gita, ule mnene, ukiubana kwenye kituo cha tatu. Ukisikia noti hiyo, kapasita kubwa zimechoka. Mwingine ni wa mizunguko 50, oktavi moja chini, unaupata kwenye gita la besi, waya mnene kituo cha tatu. Huo unatokana na ethi mbovu, waya wa gita uliokatika ngao yake, au waya za moto za valvu. (Maelezo ya Kimarekani yatakupa noti nyingine, kwao ni mizunguko 60, usichanganyikiwe.) Halafu zungusha volyumu. Mngurumo ukipungua pamoja nayo, shida iko kabla ya volyumu: gita, waya, valvu ya kwanza. Usipobadilika, shida iko nyuma, kwenye umeme au valvu kubwa.

Inakwaruza ukizungusha vitufe: vumbi ndani ya volyumu. Kuna dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme, puliza ikiwa imezimwa, zungusha mara ishirini, acha ikauke. Petroli hapana, ndani mna moto.

Inapiga mluzi au inalia kama kengele ukicheza kwa nguvu: washa, volyumu kati, chukua penseli ya mbao na ugonge taratibu valvu moja moja. Mwenye kosa atalia kwenye spika kuliko wenzake. Mara nyingi ni ile ndogo ya kwanza kabisa. Kabla hujanunua mpya, ibadilishane nafasi na ndogo nyingine ya namba ileile, mara nyingi mluzi unaisha bila kutoa senti.

Sauti imekuwa dhaifu na ya matope: valvu kubwa zimezeeka. Ndogo zinadumu miaka mingi, kubwa kwa bendi inayopiga kila wiki zinaisha mapema zaidi. Zinabadilishwa kwa jozi zilizopimwa pamoja, siyo moja ya mwaka huu na moja ya mwaka juzi.

Na hapo ndipo linakuja neno bayasi. Amplifaya za namna ya AC30 zinajipanga zenyewe, unachomeka valvu mpya unapiga. Nyingine zenye EL34 au 6L6 lazima zipangwe. Mfano wa hesabu: EL34 ina uwezo wa wati 25. Asilimia 70 ya hizo ni 17.5. Kama anodi ina volti 450, gawanya 17.5 kwa 450, unapata karibu miliampea 39 kwa kila valvu. Fundi anaweka rezista ya omu 1 kwenye kathodi, mita ikisoma milivolti 39 kazi imekwisha. Hesabu ni ya darasani lakini kipimo kinafanyika amplifaya ikiwa wazi na inawaka, volti 450 zikikutazama. Kama hujawahi kufanya, kaa pembeni utazame anayejua.

VIPURI

Watu wanasema valvu hazitengenezwi tena. Siyo kweli. Viwanda vya Uingereza kama Mullard vilifungwa kweli, lakini valvu mpya za ECC83, EL84, EL34 na 6L6 zinatengenezwa mpaka leo Slovakia, Urusi na China, na zinaagizwa kwa mtandao. Ukiagiza, agiza ya akiba, maana nauli ya moja na ya nne hazipishani sana. Pia usipite redio kubwa ya zamani ya mbao bila kuchungulia nyuma. Redio nyingi za Ulaya za miaka ya 1950 na 1960 zina EL84 ndani.

Transfoma ya spika ikiungua ndiyo kazi. Fundi wa kusuka mota anaweza kuisuka upya, ila mwambie mapema kwamba hii siyo mota ya pampu. Afungue polepole, ahesabu mizunguko ya kila tabaka na kuandika, apime unene wa waya, aone jinsi tabaka za waya mwembamba na mnene zinavyopishana kama mkeka, na karatasi kati yake. Akizisuka zote upande mmoja kisha nyingine juu yake, italia, lakini sauti za juu zitakuwa zimepotea na gita la solo litasikika kama limefunikwa blanketi.

Kama kuna mdau kati ya Tabora na Kigoma anayemjua fundi aliyewahi kusuka transfoma ya spika ya amplifaya na ikaimba vizuri, aseme hapo chini ni mji gani, tumfuate. Na mwenye mgonjwa wake naye aandike: valvu zina namba gani, ngapi zinawaka, mngurumo ni wa kituo cha tatu cha gita au cha besi, na spika aliyofunga ni ya omu ngapi.